Mashine ya Kudurufu Iliyorudishwa Kazini: Kisa cha Sekondari Moja ya Lindi

Kuhusu kisa hiki

Kisa kinahusu sekondari moja ya kutwa mkoani Lindi, kati ya mwisho wa 2023 na mwanzo wa 2025. Majina ya shule, kata na wilaya yameondolewa, na pale ambapo cheo kingemtambulisha mtu, nacho kimebadilishwa. Kimeandikwa kwa ajili ya wakuu wa shule, wataaluma (walimu wanaosimamia masomo na mitihani) na wajumbe wa bodi, maana hao ndio wanaoletewa maombi ya aina hii: wahitimu wa zamani wanaotaka kitu fulani cha enzi zao kisitupwe, na wako tayari kutoa fedha.

Kwa kawaida maombi hayo hujibiwa kwa njia mbili. Ama yanachekwa, ama yanakubaliwa kwa heshima ya wakubwa. Shule hii ilipitia zote mbili ndani ya mwaka mmoja.

Mazingira

Shule ina wanafunzi wapatao mia nne, kidato cha kwanza hadi cha nne. Kwa miaka mingi mitihani yake ya ndani ilipigwa taipureta kwenye stensili, kisha ikadurufiwa kwa Gestetner ya kuzungusha kwa mkono. Kazi hiyo ilikuwa ya katibu muhtasi mmoja, tumwite Bi. K., aliyestaafu miaka kadhaa kabla ya kisa hiki na kurudi kijijini kwake kwenye mikorosho.

Kwa msomaji aliyekuta kompyuta tayari zimo maofisini: stensili ni karatasi laini iliyopakwa nta. Mpiga chapa anauondoa utepe wa wino njiani ili herufi ya chuma igonge nta yenyewe na kuitoboa. Karatasi hiyo inavishwa kwenye silinda, wino unapenya matundu ya herufi, na kila mzunguko wa mpini unatoa nakala moja. Ukigonga kwa nguvu mno, tumbo la herufi o linadondoka na mwanafunzi anaona doa jeusi. Ukikosea, unapaka korekta, unasubiri ikauke, unagonga tena juu yake. David Gestetner, Mhungaria aliyehamia London, ndiye aliyeifanya njia hii kuwa biashara kubwa ya maofisini kuanzia miaka ya 1880. Hapa kwetu, mtu aliyesoma sekondari ya serikali miaka ya themanini au tisini bado anaujua ule wino uliokuwa ukimganda kwenye kiganja kabla hajafika swali la tatu.

Baadaye ikaja kompyuta, na pamoja nayo printa moja ndogo. Printa hiyo ilinunuliwa kwa ajili ya barua. Ndiyo iliyobebeshwa mitihani ya shule nzima. Tangu elimu bila ada ilipoanza 2016, mkuu wa shule hana ruhusa ya kuwadai wazazi mchango wa mitihani kama zamani. Anategemea ruzuku ya uendeshaji, ambayo kiwango chake kwa sekondari wakati huo kilikuwa shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na humo humo zimo chaki, ukarabati mdogo na mengine yote. Tona ilikuwa ugomvi wa kila muhula.

Mfuatano wa matukio

Mwisho wa 2023 shule iliorodhesha mali zake. Taipureta na Gestetner zikaandikwa kwenye orodha ya mali chakavu zinazosubiri taratibu za kufutwa. Mwalimu mmoja alizipiga picha zikiwa chini ya mwembe, vumbi tupu, akairusha kwenye kundi la WhatsApp la wahitimu. Usiku huo huo kundi likawaka moto. Sauti zilizotumwa zilikuwa ndefu, na karibu zote zilizungumzia mambo yale yale: harufu ya wino, mlio wa mpini ukisikika kutoka ofisini wiki ya mitihani, karatasi zilizotoka bado zina unyevu. Mmoja akaandika “ya kale ni dhahabu”, wengine wakaitikia. Zikachangwa fedha, fundi akatoka Mtwara mjini, akaondoa kutu, akabadilisha mipira ya kuvuta karatasi, na kufikia Januari 2024 mashine zote mbili zilikuwa kwenye meza ya mapokezi zimefunikwa kitambaa cha kufuma.

Hadi hapo hakuna aliyepata hasara. Mtaaluma aliniambia kwamba yeye na walimu wenzake vijana waliziita “makumbusho ya mkuu”.

Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu. Mvua ikakata barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara upande wa Somanga, wilayani Kilwa, na kwa siku kadhaa magari yakajipanga pande zote mbili. Tona iliyoagizwa Dar ilikuwa kwenye moja ya magari hayo. Laini ya umeme inayoingia kijijini ilipoteza nguzo. Mitihani ya kufunga muhula ilikuwa ianze Jumatatu ya tarehe 13. Jumapili yake, tarehe 12, hitilafu za nyaya za chini ya bahari ziliiyumbisha intaneti nchi nzima, hivyo hata walimu waliokuwa wametunga maswali kwenye simu zao hawakuweza kuyatuma.

Uamuzi wa kwanza, na sababu zake

Kikao cha dharura, kilichokaa kabla ya hitilafu hiyo ya intaneti, kilikuwa na njia nne mezani. Kuahirisha mitihani kulikataliwa, kwa kuwa kalenda ya likizo haikuwa mikononi mwa shule. Kupeleka kazi kwenye steshenari ya mjini yenye jenereta kulionekana ghali, na mtihani ungeachwa kwenye kompyuta ya mtu baki. Kuandika maswali ubaoni kulikubaliwa kwa masomo yenye maswali mafupi. Kila mwalimu wa nchi hii amewahi kufanya hivyo. Yalibaki masomo ambayo ubao hauyawezi: Baiolojia na Jiografia zenye michoro, Hisabati ya kidato cha pili na cha nne, na ufahamu wa Kiswahili na Kiingereza wenye habari ndefu. Hayo yakapewa Gestetner.

Stensili zilipatikana: boksi moja la zamani katika stoo ya taasisi jirani, ambalo halikuwa limefunguliwa. Walimu wawili wanaochapa haraka kwenye kompyuta wakakaa kwenye taipureta Ijumaa asubuhi. Kufikia mchana walikuwa wameharibu stensili tano. Mkuu akamtuma bodaboda akamlete Bi. K.

Alipoingia, kabla hata shikamoo za vijana hazijaisha, aliinama akatazama karatasi iliyokuwa kwenye mashine.

“Nani kawaambia mpige na utepe?”

Akasogeza kile kiwiko kidogo cha pembeni mahali palipoandikwa alama nyeupe, akachukua sindano ya kushonea kutoka kwenye pindo la kitenge chake, akaanza kuchokoa uchafu ulioziba herufi za chuma moja moja. Kazi hiyo peke yake ilichukua karibu saa nzima. Kisha akasema hachapi kitu mpaka aletewe rasimu iliyoandikwa kwa mwandiko unaosomeka, imesainiwa na mtunzi na mwalimu mwingine wa somo hilo. Walimu wakalalamika, muda hakuna. Bi. K. akakunja mikono.

Tatizo jingine lilijitokeza Jumamosi. Stensili zile zilikuwa za urefu wa fulskepu, karatasi iliyopo ni A4, na tofauti yake ni zaidi ya sentimita tatu. Mtihani wa Jiografia, uliochapwa kabla Bi. K. hajafika, ulitoka bila swali la tisa. Lilikuwa limeangukia nje ya karatasi. Ikabidi urudiwe. Halafu karatasi za siku hizi ni laini na hazinyonyi wino upesi, kwa hiyo nakala zilizorundikwa zilichafuana mgongo kwa tumbo. Wanafunzi wa kidato cha nne wangeweza kusaidia kuzianika, lakini ni mitihani; walimu wenyewe ndio waliozitandaza kwenye madawati ya darasa lililofungwa, wakizigeuza hadi usiku kwa taa ya chemli.

Jumatatu mitihani ikaanza kwa wakati.

Uamuzi wa pili

Picha za usiku ule zilipofika kwenye kundi la wahitimu, yaliyofuata yanatabirika. Pongezi, mashairi, ahadi. Katika kikao cha Bodi mwezi Juni, mjumbe mmoja ambaye pia ni mhitimu alipendekeza kwamba kuanzia muhula wa pili mitihani na majaribio yote ya ndani yadurufiwe kwa Gestetner, na wahitimu wangenunua stensili na wino. Printa ingebaki kwa barua. Pendekezo likapita kwa makofi.

Sababu za mkuu wa shule kulikubali hazikuwa za kijinga, na inafaa zielezwe kwa haki. Kwanza, tona ingeacha kula ruzuku. Pili, aliogopa kuwaudhi wahitimu waliokuwa wakizungumzia pia kukarabati paa la maabara. Tatu, na hii aliisema mwenyewe, mitihani ya Mei ilikuwa na makosa machache kuliko mitihani yoyote aliyoisimamia. Hakuna mwanafunzi aliyenyoosha mkono kuuliza swali linakusudia nini. Aliamini mashine ndiyo iliyoleta hilo.

Mtaaluma alipinga kwa dokezo la ukurasa mmoja lililoingia kwenye faili kupitia masijala. Alitaja mambo matatu: upatikanaji wa stensili, kutegemea mtu mmoja mstaafu, na usiri. Dokezo halikujibiwa. Lipo kwenye faili hadi leo, na pembeni yake pana neno moja tu la kalamu ya kijani: “Nimeona.”

Matokeo

Utaratibu mpya ulidumu kuanzia Julai hadi Septemba.

Stensili za zamani zilikwisha mapema. Wahitimu walizitafuta Kariakoo wakapata chache kwa bei iliyowashangaza, na nta ya baadhi yake ilikuwa imepasuka kwa kukaa miaka kwenye joto, hivyo wino ulivujia mahali pasipo na herufi. Bi. K. alifika mara mbili, kisha akatoa taarifa kwamba hawezi tena: ulikuwa msimu wa kupulizia salfa, na mkorosho usiopata salfa kwa wakati haumsubiri mtu. Mtu yeyote wa Kusini angelijua hilo mwezi Juni. Nani alikuwa ameulizwa? Si yeye. Azimio la Bodi lilimtaja kwa cheo cha zamani kana kwamba bado yumo kwenye orodha ya mishahara.

Pigo lililomaliza mambo lilikuwa jaribio la Kemia la kidato cha tatu, mwezi Septemba. Mwalimu aliyekuwa akichapa aliharibu stensili, akaikunja, akaitupa kwenye shimo la taka nyuma ya ofisi. Alipochapa upya, alibadilisha pia tarakimu za swali la nne: badala ya gramu 10 za kalsiamu kaboneti, akaweka gramu 25, na kuuliza ujazo wa gesi inayotoka katika halijoto na kanieneo sanifu. Jibu la swali jipya ni desimeta za ujazo 5.6. Alipokaa kusahihisha, karatasi kumi na tisa zilikuwa na 2.24, jibu kamili la swali lililokuwa shimoni.

Stensili iliyopigwa ukiinyanyua juani inasomeka kama ubao. Wanafunzi wa zamu ya usafi walikuwa wameiokota. Zamani Bi. K. alikuwa akizichoma stensili zote, nzima na mbovu, yeye mwenyewe, na hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini anawasha moto nyuma ya ofisi kila wiki ya mitihani.

Jaribio lilifutwa. Wazazi wawili walikuja juu. Mwezi Oktoba Bodi ilikaa tena, safari hii bila makofi, ikaamua shule ijiunge na shule nyingine tatu ambazo tayari zilikuwa zikitunga pamoja mitihani ya ujirani mwema, wachangie riso iliyotumika, yaani mashine ya kudurufu ya umeme, iwekwe kwenye shule iliyo karibu zaidi na barabara. Wahitimu walikubali kuhamishia humo fedha walizozikusanya, ingawa baadhi yao walijitoa kwenye kundi.

Uchambuzi

Nianze na mwezi Mei, kwa sababu hapo ndipo mafunzo mengi yamelala. Uamuzi wa Mei ulikuwa mzuri. Kazi iligawanywa kwa kuangalia somo linahitaji nini, na ubao ukapewa mzigo unaouweza. Mashine ya mkono isiyohitaji umeme ilikuwa jibu sahihi kwa wiki isiyo na umeme. Kosa lilikuwa kugeuza jibu la wiki moja kuwa sera ya mwaka. Masharti yaliyofanya Mei iwezekane yalikuwa boksi moja la stensili lililopatikana kwa bahati, mwanamke mmoja mwenye ujuzi aliyekuwa nyumbani wiki ile, na walimu waliokubali kukesha kwa sababu ya dharura. Hakuna hata moja kati ya hayo ambalo Bodi ilikuwa nalo mwezi Julai.

Sasa lile alilolisema mkuu, kwamba makosa yalipungua. Ni kweli, nami nimeziona karatasi. Lakini tuangalie kilichotokea kabla herufi ya kwanza haijagonga nta. Rasimu iliandikwa kwa mkono, ikasomwa na watu wawili, ikasainiwa. Kwa nini? Kwa sababu kosa kwenye stensili linauma: korekta, kusubiri, pengine karatasi nzima kwenda na maji. Kwenye kompyuta kosa halimgharimu mtunzi chochote, hivyo hakuna anayelitafuta. Katika shule hii mwalimu alikuwa akituma mtihani saa nne usiku kwa simu, mtaaluma anauchapa saa kumi na mbili asubuhi, na mtu wa kwanza kuusoma kwa makini ni mwanafunzi. Wahitimu waliposema mitihani ya zamani ilikuwa “na heshima”, walikuwa wanasema jambo la kweli. Walilifungia tu kwenye mashine.

Hii ndiyo sababu sikubaliani na wale vijana wa “makumbusho ya mkuu”. Mtu anapokumbuka kitu cha zamani kwa uchungu, mara nyingi ametambua kwamba kuna hatua ya kazi imeondoka pamoja nacho. Anayeongoza ofisi inafaa amuulize: unakumbuka nini hasa, na nani alikuwa anakifanya? Shule hii haikuuliza. Ingeuliza, ingepata fomu ya saini mbili bila kununua stensili hata moja.

Swali la pili, la nani alikuwa anakifanya, lina uzito wake. Nilizungumza na Bi. K. nyumbani kwake mwanzoni mwa 2025. Hakuwa na hamu hata kidogo ya mashine ile. Alizungumzia mgongo, alizungumzia vidole, alizungumzia wiki za mitihani alizokuwa akifika nyumbani watoto wamelala. Alisomea uhazili, akafaulu hatimkato, na anasema kazi aliyoipenda ilikuwa kuandika kumbukumbu za vikao. Kudurufu ilikuwa adhabu. Wahitimu walikuwa upande wa pili wa dirisha. Waliusikia mpini, hawakuuzungusha. Na kwa kazi ya Mei alipewa nauli na kitenge. Bodi ilipotaka baadaye kumpa kitu cha “asante”, aliomba kiandikwe malipo ya kazi, kiwe na vocha. Kiliandikwa hivyo.

Kuhusu usiri, watu wengi hudhani karatasi ni salama kuliko kompyuta. Inategemea nani anajua hatari yake iko wapi. Stensili iliyotupwa ni mtihani mzima, utepe mpya wa taipureta uliopitishwa mara moja unasomeka herufi kwa herufi, na karatasi ya kaboni vivyo hivyo. Waliozitumia zamani walikuwa na mazoea ya kuziteketeza. Mazoea hayo hayakuandikwa popote, kwa hiyo mashine ilirudi kazini bila hayo. Kwenye riso nako kuna kitu cha kuchoma: mashine ile ni stensili iliyoendelea, inatoboa karatasi yake kwa joto badala ya herufi za chuma, na karatasi iliyotumika inasukumwa kwenye kisanduku cha taka ndani ya mashine. Nilipozitembelea shule zile nne, ni moja tu iliyokuwa na utaratibu wa kukifungua kisanduku hicho na kuchoma kilichomo siku hiyo hiyo.

Dokezo la mtaaluma lilitabiri mambo yote matatu. Bodi haikulisoma kwa sababu halikupelekwa. Mkuu alieleza kwamba hakutaka kuonekana anatumia mtumishi wake kupingana na wahitimu. Naelewa shinikizo hilo. Hata hivyo, mjumbe wa Bodi aliyepiga makofi mwezi Juni alikuwa na haki ya kujua kwamba ndani ya faili kuna mtu anayepinga na sababu zake.

Palipobaki pabovu ni dharura yenyewe. Riso inataka umeme. Kimbunga kingine kikija, shule inarudi ubaoni, na masomo ya michoro hayana jibu. Mtaaluma amependekeza michoro inayotumika mara kwa mara, kama figo, ua, moyo na ramani tupu ya Tanzania, ichapwe mapema kwa wingi na kufungiwa stoo, maswali yake yaandikwe ubaoni siku ya mtihani. Ni pendekezo la bei nafuu na sijui kwa nini halijatekelezwa. Gestetner bado iko mapokezi, na bado imeandikwa kwenye orodha ya mali chakavu. Mkuu anapaswa aamue moja, aiombee ibaki kama kumbukumbu kwa maandishi au aiachie ifutwe, kabla mhakikimali hajarudi. Mchango wa shule nne kwa ajili ya wino na karatasi za riso ulikuwa umelipwa na tatu.